Mgongo wa Jengo

Jicho lina kope. Mtu asiyependa kuona jambo hufumba, au hugeuza uso akatazama kwingine. Mdomo nao hufungwa, na mara nyingi ni heri ukifungwa. Lakini sikio halina mlango. Muumba, au maumbile kwa wale wasiopenda kumtaja, alituacha wazi upande huu mchana na usiku, tukiwa macho na tukiwa usingizini. Kwa desturi yetu mtu havuki kizingiti cha mwenzake mpaka apige hodi na kuitikiwa karibu. Sauti haina desturi hiyo. Inaingia tu. Ndiyo maana, ndugu msomaji, nadhani suala la kelele si suala la watu wanaopenda kununa ovyo, kama wengi wanavyolichukulia. Ni suala la maadili, tena la mzizi: nani ana haki ya kuingia kwa mwenzake bila hodi, na kwa masharti gani?

Nauliza nikiwa Tunduma, na Tunduma haikuzaliwa kwa ajili ya usingizi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, inapita hapa kabla ya kuingia Nakonde upande wa Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam nayo inapita hapa hapa, na malori yaendayo Lusaka na Lubumbashi hupanga foleni yakinguruma. Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kuwa mkoa, makao makuu yalikwenda Vwawa. Sisi tukabaki na mpaka na makelele yake. Sisemi hivyo kwa uchungu. Mpaka unatulisha. Anayekuja Tunduma kutafuta kimya ni sawa na anayekwenda sokoni kutafuta upweke.

Basi, si kila sauti ni kero. Lori likipita usiku linakuja, linakua, linapungua, linakwisha. Mashine ya kusaga mtaani kwetu hulia kutwa nzima, lakini jioni mwenyewe hufunga akaenda kula ugali kama sisi. Adhana ina mwanzo na mwisho, kengele ya kanisa vivyo hivyo. Sauti hizi zina nukta. Masikio hungoja nukta hiyo, yakaipata, yakatulia. Ninayotaka kuizungumzia haina nukta. Ni sauti ya mitambo iliyofungwa nyuma ya jengo la biashara.

Jengo lenyewe ni la ghorofa moja, na sina haja ya kulitaja jina. Chini kuna maduka na stoo ya baridi ya kuku na samaki, juu kuna ofisi na vyumba vya wageni. Uso wake umeelekea barabarani: vigae, vioo, taa za rangi, bango la kukaribisha. Mgongo wake umetuelekea sisi. Huko mgongoni kuna jenereta kubwa iliyokaa juu ya zege, na juu yake, ukutani, feni mbili za mitambo ya kupozea stoo. Kutoka kwenye feni hizo hadi dirisha la chumba ninachopanga ni hatua saba. Nimezihesabu mara nyingi, kama mgonjwa anavyohesabu vidonge.

Ukuta wa chumba changu ndio huo huo wa chumba cha mama mwenye nyumba. Yeye alijenga wakati eneo lote la nyuma likiwa shamba la mahindi. Jengo lilimkuta hapo. Mimi nilihamia mwaka 2022, nikalikuta jengo limesimama na feni zinazunguka. Kumbuka jambo hili, msomaji, tutalirudia: nyumba moja, kelele moja, mmoja alitangulia na mwingine alifuata.

Mgao wa umeme ulipokuwa mkali mwaka 2023, jenereta ilikesha. Mlio wake haukuwa mkali wa kutoboa. Ulikuwa mvumo mzito, ule unaoingia kwa kupitia kitanda na ukuta. Mivumo ya namna hii ina tabia yake. Sauti nyembamba huzuiwa na mlango, na pamba masikioni huipunguza. Sauti nene hupenya matofali, na mtu huisikia kifuani kabla hajaisikia masikioni. Bilauri ya maji juu ya meza ilikuwa inatetemeka. Mama ana presha, na daktari alikwisha mwambia apumzike usiku. Aliniuliza siku moja, kwa utani wake, kama daktari yule anaweza kumwandikia jenereta cheti cha kupumzika.

Oktoba ya mwaka huo tulikwenda pamoja kumwona msimamizi wa jengo. Alitupokea vizuri, akatupa viti. Akasikiliza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hapa ni mjini. Kama unataka kimya, panda gari urudi kwenu Ileje." Nilikuwa natafuta jibu, mama akatangulia: "Mwanangu, huyu ana Ileje. Mimi nirudi wapi? Kwetu ndo pale pale dirishani."

Msimamizi yule hakuwa mtu mbaya. Alisema yanayosemwa na wengi, na nimekuja kugundua kwamba majibu ya namna yake yako manne tu, yanazungushwa kila mahali. Nataka niyapime moja moja.

Jibu la kwanza ni: vumilia. Jibu hili ni la zamani sana. Katika karne ya kwanza, Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alipanga juu ya nyumba ya kuogea ya watu wote. Katika barua moja kwa rafiki yake Lucilius anaeleza yote aliyoyasikia: wanyanyua vyuma wakihema, watu wakijitupa majini kwa kishindo, wachuuzi wa vyakula wakinadi kila mmoja kwa mlio wake. Anadai kwamba yote hayo hayamgusi, kwa kuwa fujo halisi ni ile iliyo rohoni. Moyo ukitulia, dunia na ipige kelele itakavyo. Ni mafundisho mazuri. Lakini mwishoni mwa barua hiyo hiyo bwana mkubwa anakiri kwamba wakati mwingine ni rahisi zaidi kuondoka, na kwamba yeye anahama.

Simcheki Seneca. Namshukuru kwa kutuonyesha kwamba falsafa ya kuvumilia hutamkwa kwa urahisi na mtu mwenye pengine pa kwenda. Tena kuna kosa jingine ndani ya jibu hili. Subira ni wema wa anayeumia. Haiwezi kugeuzwa kuwa utetezi wa anayeumiza. Naweza kukupa subira yangu kama sadaka, lakini wewe huna haki ya kunitoza kama ushuru wa forodha. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Sawa. Lakini kwetu sisi mmoja anavumilia, na mbivu zinaliwa na mwingine.

Jibu la pili: jengo lilikuwapo, wewe umelifuata mwenyewe. Hapa kuna kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua, nayo inahusu vifaa ambavyo kila nyumba ya Mswahili inavijua: kinu na mchi. Huko London alikuwapo mtengeneza vitu vitamu ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alitwanga malighafi yake kwa vinu vikubwa jikoni mwake. Jirani yake alikuwa daktari. Kwa miaka mingi hawakusumbuana, kwa sababu kati ya jiko na nyumba ya daktari kulikuwa na bustani. Mwaka 1873 daktari akajenga chumba cha kupimia wagonjwa mwishoni mwa bustani, kikagusana na jiko. Sasa kila akiweka chombo cha kusikilizia kifuani mwa mgonjwa, alisikia mchi. Akashitaki. Mwenye vinu akasema: mimi nilitangulia, wewe umekifuata kinu. Mwaka 1879 mahakama ya rufani ikaamua kwamba daktari ana haki, na kinu kinyamaze.

Wako wanaosema hukumu ile ilimwonea mwenye kinu. Mimi narudi kwenye ukuta wangu na mama. Kama kigezo ni nani alitangulia, basi mama anakosewa na mimi sikosewi. Mvumo ule ule, unaopita kwenye tofali lile lile, unakuwa dhuluma ukifika kitandani kwake na unakuwa halali ukifika kitandani kwangu. Akili inakataa. Kutangulia kunaweza kukupa kiwanja, kunaweza kukupa nafasi kwenye foleni ya malori, lakini hakukupi usingizi wa mtu ambaye hajafika. Kwa hesabu hiyo mtoto anayezaliwa leo mtaani hana haki hata moja, maana amekuta kila kitu kimetangulia.

Jibu la tatu ndilo linaloniuma zaidi: hii ni Tunduma. Yaani kwa watu wa mji wa namna hii, kelele ni halali yao. Mahakama ile ile ya 1879 ilitoa kauli ambayo imesafiri mbali. Majaji walisema, kwa maana yake, kwamba linaloweza kuwa kero katika Belgrave Square si lazima liwe kero katika Bermondsey. Belgrave Square palikuwa mahali pa matajiri; Bermondsey palikuwa mahali pa watengeneza ngozi, pa harufu na kazi chafu. Sheria za mahakama za Uingereza, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, zilipokelewa Tanganyika. Basi kauli hiyo nayo ilivuka bahari na kuja kukaa nasi.

Ina busara yake, sikatai. Haiwezekani mwenye gereji kando ya barabara kuu akatakiwa awe kimya kama maktaba. Lakini tazama inavyofanya kazi. Mahali penye kelele nyumba ni rahisi. Penye nyumba rahisi huhamia wenye kipato kidogo. Kisha kelele ikiongezwa husemwa kwamba mahali hapa ndivyo palivyo. Umaskini wa mtu unakuwa ushahidi dhidi ya masikio yake. Kumbe sikio la mama wa Tunduma limeumbwa kama la bibi wa Belgrave Square. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sauti mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Halikuandika desibeli 30 kwa wenye vigae na 60 kwa wenye sakafu ya saruji. Wanyakyusa, ambao wako wengi mjini kwetu, husalimiana "ugonile", yaani "umelala?" Salamu hiyo haichagui mtaa. Jirani wa kweli anaanza siku kwa kuuliza habari ya usingizi wako, kwa sababu anajua kwamba asiyelala ameporwa kitu.

Jibu la nne ni zito kuliko yote: kwani wewe huli kuku? Hunywi soda baridi? Kelele hiyo ni gharama ya maendeleo ambayo wewe mwenyewe unafaidi. Mchumi Ronald Coase, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1991, aliichukua kesi ya kinu na daktari katika makala yake maarufu ya 1960. Akasema tusidanganyike kwamba mmoja anaumiza na mwingine anaumizwa. Ukimnyamazisha mwenye kinu ili daktari asikie, umemwumiza mwenye kinu. Madhara ni ya pande mbili. Swali ni lipi lina thamani zaidi, na kama wawili wangeweza kukaa na kupatana bila gharama, wangefikia wenyewe mapatano yenye faida kubwa zaidi, bila kujali sheria ilimpa nani haki mwanzoni.

Kusema kweli makala yale yalinisumbua kwa muda mrefu, maana yana ukweli. Ni kweli stoo ya baridi inatufaa. Ni kweli jenereta ikizimwa kuku wataoza, na vijana wanaofanya kazi mle ndani watakosa posho. Lakini mapatano yanataka meza, na mezani kila mmoja awe na kitu mkononi. Mama atamlipa nini tajiri ili azime jenereta? Coase mwenyewe alijua kwamba katika maisha haya kupatana kuna gharama; na gharama hiyo kwa mpangaji wa chumba kimoja ni mlima. Hata hivyo nilikuwa bado sijaona lililokosekana katika majibu yote manne, mpaka msiba ulipotufika.

Novemba 2023 dada yake mama alifariki humo ndani ya nyumba, baada ya kuugua kwa muda. Turubai likafungwa uani, moto ukakokwa, majirani wakaja. Ilikuwa zamu yetu ya kukatiwa umeme. Saa mbili usiku jenereta ikawaka, kama kawaida yake. Haikupita hata nusu saa, ikazimwa. Feni nazo kimya. Tukatazamana. Baadaye akaja msimamizi, mikono mbele, na rambirambi ya tajiri kwenye bahasha. Akasema kwa sauti ya chini, "Mzee amesema tuzime mpaka tuzike." Kuku na samaki walikwisha hamishiwa kwenye friza za mwenzao upande wa pili wa barabara. Siku tatu, usiku na mchana, tulikuwa na kimya ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani hapo.

Usiku wa pili mlinzi wa jengo alikuja kuota moto pamoja nasi. Mazungumzo ya motoni huzunguka, yakafika kwenye jenereta. Mlinzi akasema, kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa: "Bomba la moshi la ile mashine mwanzo halikuwa huku. Lilitokea pembeni, upande wa barabarani. Wageni wa vyumbani wakalalamika, wengine wakadai warudishiwe hela. Ndo akaitwa fundi, akalipindua likaja huku nyuma."

Nilikaa na maneno hayo hadi asubuhi. Kwa mwaka mzima nilikuwa naichukulia kelele ile kama mvua: imetoka juu, imetuangukia, bahati mbaya. Kumbe ilikuwa imeelekezwa. Kuna siku mtu alisimama na kuuliza, "Tuitupe wapi?" Kuna mkono ulionyoosha kidole kwetu. Kuna fundi aliyekata chuma, akakikunja, akakichomelea, akalipwa. Wageni wa siku moja walilalamika wakasikilizwa, kwa sababu walikuwa na pesa ya kudai. Sisi hatukuulizwa, kwa sababu upande wa nyuma hauna wateja.

Tena msiba ulituonyesha la pili. Walijua kwamba tupo. Katika mabishano ya kelele, mwenye mtambo huwa na utetezi wa kutojua: sikudhani inafika huko, sikujua inasumbua. Lakini mtu aliyezima jenereta kwa heshima ya maiti wetu alijua kabisa inafika wapi. Na alijua inawezekana kuizima, maana alihamisha kuku wake. Siku ya tatu tulizika, tukarudi, na kabla jua halijazama mashine iliunguruma. Sikuwa na hasira kwa tajiri. Heshima aliyoitoa ilikuwa ya kweli na mama anamshukuru hadi leo. Nilibaki na swali tu: iweje maiti wetu ahesabiwe kuwa jirani, na mgonjwa wetu mwenye presha asihesabiwe?

Hapo ndipo nilipopata ninachotaka kukisema. Ubaya wa kelele hauko katika ukubwa wa sauti peke yake, wala katika nani alitangulia, wala katika kama biashara ina faida kwa jamii. Majibu yote manne yanaichukulia kelele kama kitu kilichopo tu, kisha yanagombana juu ya nani akibebe. Lakini mtambo huwekwa. Bomba hupinduliwa. Feni hupigwa misumari kwenye ukuta huu na si ukuta ule. Kila moja ya hatua hizo ni uamuzi kuhusu watu, hata kama umeandikwa kwenye karatasi ya fundi kama uamuzi kuhusu chuma. Coase ana haki akisema kwamba madhara yanahitaji pande mbili. Ila spana iko mkononi mwa upande mmoja.

Kutokana na hapo naona wajibu wa namna mbili. Wa kwanza ni kutenganisha kelele ya lazima na kelele ya hiari. Kupoza kuku ni lazima. Kuelekeza feni dirishani kwa mtu si lazima. Jenereta ni lazima umeme ukikatika. Kukosa sailensa ya maana si lazima. Kuijaribu jenereta saa tano usiku, wakati inaweza kujaribiwa saa tano asubuhi, si lazima hata chembe. Bomba linaweza kuinuliwa juu ya paa, mashine ikawekewa mipira chini ili isitetemeshe ardhi, na ukuta wa tofali ukajengwa kati yake na majirani. Haya yote yana gharama, na gharama hiyo ni sehemu ya bei ya kuku. Kama mwenye stoo haiweki kwenye bei, haina maana kwamba imetoweka. Inalipwa na mama, kwa usingizi wake.

Wa pili ni kwamba mwenye kuamua mwelekeo asimame kwanza upande wa kupokelea. Simaanishi adhabu. Namaanisha kipimo. Kabla ya kumlipa fundi, aje akae chumbani kwa mama kuanzia saa nne hadi saa nane za usiku, mtambo ukiwa umewashwa. Akitoka hapo akasema panavumilika, nitamsikiliza, maana atakuwa anasema anachokijua.

Utaniuliza: lakini upande fulani lazima uwe nyuma, bomba likihamishwa si litawaelekea wengine? Ndiyo, linaweza. Ndiyo sababu sisemi kwamba ligeuzwe usiku kimya kimya, kama lilivyogeuzwa kuja kwetu. Nasema kila anayeelekezewa aulizwe. Hodi ndiyo hiyo. Mtu anayepiga hodi anaweza kuingia hata akiwa na mzigo mzito. Mara nyingi mwenyeji humsaidia kuutua.

Sheria zetu hazijalala moja kwa moja. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chini yake kanuni za 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, zinazotenganisha mchana na usiku, makazi na viwanda. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi za starehe kwa ajili ya kelele, na magazeti yakaandika. Lakini angalia walioandamwa. Muziki wa baa unanuka dhambi. Jenereta inanuka maendeleo. Ni rahisi kumfungia anayecheza, na ni aibu kumgusa anayefanya kazi. Sikio lililolala halijui tofauti hiyo.

Kama kuna kesi ya kwetu ya kujivunia katika jambo hili, ni ile ya Tabata. Kelele haikuwa hoja pale. Hoja ilikuwa jalala. Jiji la Dar es Salaam lilielekeza taka zake Tabata, moshi na harufu vikawamaliza wakazi, wakalishitaki Jiji mwaka 1988. Jiji liliposhindwa likaomba muda, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alikataa, akaihusisha hali ile na haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Nikiisoma kesi hiyo naona jalala lile lilikuwa na mkono nyuma yake kama bomba letu. Taka za jiji zima zilipaswa kwenda mahali fulani. Waliochaguliwa kuzipokea ndio waliokuwa hawajaulizwa. Mahakama iliwaambia wenye jiji kwamba Tabata wanaishi watu.

Sisi hatukwenda mahakamani. Mwaka 2024, mgao ulipokwisha kupungua kwa umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, jenereta ilipumzika siku nyingi, na hilo likatusaidia kuona wazi kwamba tatizo halikuwa la TANESCO peke yake: feni zilibaki zikivuma usiku kucha. Tuliandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa afisa afya, majirani sita wakatia saini. Hatukuomba jengo lifungwe. Tuliomba bomba liinuliwe, ukuta ujengwe mbele ya feni, na majaribio ya jenereta yafanywe mchana. Bomba limekwisha inuliwa. Ukuta umefika kozi ya nne, ukaishia hapo. Saruji imepanda bei, wanasema. Mama hupita kila asubuhi akahesabu kozi. Tajiri mwenyewe hajaja kukaa chumbani, lakini msimamizi alikuja jioni moja, akasimama dirishani dakika kumi hivi bila kusema kitu, akaaga.

Nimekuwa nikisema mgongo wa jengo kana kwamba ni la tajiri peke yake. Si hivyo. Kila nyumba ina mgongo. Kanisa lina spika zinazotazama nje, baa inayo, mwenye kucharanga mbao anao, na mwenye redio ya betri mbili naye anao. Kila mmoja wetu ana upande anaoupamba kwa ajili ya wateja, na upande anaoutumia kutupia asichokitaka, na huko kuna dirisha la mtu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiku wa leo kabla hujalala, zunguka nyuma ya kwako. Simama kidogo, usikilize unachowapelekea wenzako. Kisha asubuhi nenda ukawaulize kama wamelala.